Mpeni Kijana Maikromita Kabla ya Mashine

Tumezoea kuhesabu viwanda. Tangu kauli ya Tanzania ya viwanda iliposhika kasi baada ya uchaguzi mkuu wa 2015, tumetajiwa idadi ya vilivyojengwa, vinavyojengwa na vitakavyojengwa, na mzaha wa vyerehani vinne kuitwa kiwanda haujasahaulika mitaani. Lakini katika hotuba zote hizo, na katika maandishi yetu sisi wasomi tuliozikosoa, sikumbuki kusikia mtu akiuliza swali dogo linalotangulia mengine yote: kijana anayeanza kujifunza kukereza chuma katika nchi hii anapewa kifaa gani cha kupimia, nani amemchagulia, na nani amemfundisha kukitilia shaka kifaa hicho?

Ninadai kwamba swali hilo likibaki bila jibu, mengine yote tunayoyafanya kwa jina la viwanda ni kuhamisha mashine kutoka kwenye meli kwenda kwenye banda. Ninadai pia kwamba jibu lake halihitaji mkopo wa kimataifa. Linahitaji watu wachache katika wizara, vyuo na halmashauri waache kuandika orodha za manunuzi kwa mazoea.

Najua baadhi yenu mtashangaa. Ukurasa huu huzungumzia katiba, bajeti na haki za wafanyakazi, na mwenyewe hufundisha uchumi wa siasa. Kalipa na maikromita zinahusiana nini na siasa? Muulizeni mkulima wa viazi aliyeuza gunia la lumbesa. Atawaeleza kwamba anayeshika kipimo ndiye anayeshika bei, na kwamba asiye na kipimo chake hubaki kusubiri hukumu ya mwenzake. Kwa mkulima jambo hilo tumelielewa, tumelitungia sheria na kulipigia kelele bungeni. Kwa fundi bado.

Chukueni mashine ya kusaga nafaka, ile ambayo vijiji vingi haviwezi kuishi bila ya moja. Shafti yake hushikiliwa na beringi. Tuseme beringi hiyo ni namba 6205, aina iliyozagaa madukani: tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Beringi ikifa, mara nyingi na shafti huwa imelika, hivyo mwenye mashine huipeleka kwa fundi ikachongwe upya. Fundi anatakiwa aifikishe kipenyo gani? Anayejibu "milimita 25" hajajibu. Majedwali ya ISO, kwa daraja la k6 linalotumika sana kwenye shafti za beringi, yanataka kipenyo kisipungue milimita 25.002 wala kisizidi 25.015. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni maikroni 13, yaani sehemu 13 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Nafasi hiyo nyembamba ndiyo mafundi huiita toleransi, na ndani yake ndimo kiwanda kinamoishi.

Shafti ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, pete ya ndani ya beringi huteleza juu yake na kuisugua mpaka iile. Ikiwa nene kupita kiasi, pete hutanuka, nafasi ndogo waliyoachiwa gololi humalizika, beringi hupata joto na hatimaye hukwama. Kwa vyovyote vile, baada ya muda usio mrefu mama aliyebeba debe la mahindi kichwani hukuta mlango umefungwa na kuambiwa aende kijiji cha pili. Mwenye mashine hulaumu beringi kuwa ni feki. Huenda ni feki kweli. Lakini huenda beringi ilikuwa safi na shafti ndiyo iliyokosewa, na hakuna mtu yeyote katika mlolongo huo, kuanzia duka mpaka karakana, aliyekuwa na kifaa cha kumwezesha kujua.

Simdharau fundi wa Gerezani. Ustadi wake ni mkubwa. Huchonga, hujaribu beringi, huchonga tena kidogo, hujaribu, mpaka asikie mkononi kwamba imekaa. Ikipwaya, hugonga vidoti kuzunguka shafti kwa sentapanchi ili chuma kiinuke na beringi iume. Ni akili ya mtu aliyenyimwa vifaa akalazimika kuishi. Hata hivyo ustadi wa namna hiyo una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni mwili wa fundi. Hauwezi kuandikwa kwenye barua. Hauwezi kusomwa kwa simu kwa fundi mwingine aliyepo Sumbawanga. Fundi akifa, unazikwa naye. Kiwanda ni mahali ambapo mtu anachonga shafti Mbeya, mwingine ametengeneza beringi ng'ambo ya bahari, wawili hao hawajuani wala hawatajuana, na siku vitu vyao vinapokutana vinaingiliana bila kujaribiwa. Kinachowaunganisha ni namba, na namba haina maana bila kipimo kinachoaminika.

Sasa mleteni mwanafunzi wa mwezi wa kwanza mbele ya shafti hiyo ya milimita 25 na mmwambie achague kifaa. Hapa ndipo elimu yenyewe ilipo, na hapa ndipo tunapoiruka.

Rula ya chuma haiwezi kazi hiyo. Hilo ataliona mwenyewe. Atanyoosha mkono kwenye kalipa ya vania, ile ya milimita 150 ambayo mistari yake 50 imegawanywa juu ya milimita 49 ili isome hatua za 0.02. Ni kifaa kizuri, na ningemtaka kila mwanafunzi awe nacho mfukoni. Lakini kifaa ambacho hatua yake ndogo kuliko zote ni 0.02 hakiwezi kuona ndani ya nafasi ya 0.013. Atasema basi nipeni ya kidijiti, inaonyesha 0.01. Kweli inaonyesha. Kuonyesha na kujua ni mambo mawili. Hata watengenezaji wanaoheshimika, katika karatasi zinazoambatana na kalipa za kidijiti za ukubwa huo, kwa kawaida hutaja kosa linaloweza kufikia 0.02 upande huu au ule. Namba ya mwisho kwenye kioo ni ahadi ambayo mtengenezaji mwenyewe hakuitoa.

Kuna na sababu ya kimaumbile. Katika kalipa, mstari unaosomwa hauko kwenye mhimili mmoja na kitu kinachopimwa. Taya zikiinama kidogo tu, kosa hukua kadiri kitu kinavyokaa mbali na rula. Mjerumani Ernst Abbe alilieleza jambo hilo mwaka 1890, na maikromita ni kifaa kinachomtii: skrubu yake na kitu kinachopimwa viko kwenye mstari mmoja. Skrubu husonga nusu milimita kwa kila mzunguko, na ngoma yake ina mistari 50, hivyo kila mstari ni 0.01.

Kwa hiyo kijana achukue maikromita. Ipi? Karakana nyingi zinazoanza hununua moja, ya 0 hadi 25, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayochorwa vitabuni. Shafti yetu inatakiwa iwe kati ya 25.002 na 25.015. Maikromita ya 0 hadi 25 haifiki! Anahitaji ya 25 hadi 50, pamoja na kile kipande rejea cha milimita 25 cha kuhakikishia sifuri yake. Na akiwa nayo hiyo, bado hatua ya 0.01 itampa karibu mstari mmoja tu ndani ya nafasi anayoitafuta, hivyo ajifunze kukadiria kati ya mistari, au apewe ile yenye vania ya ziada inayosoma 0.001. Katika kazi hii moja, ya kawaida kabisa, ya kijijini, mwanafunzi amelazimika kukataa vifaa vitatu na nusu kabla ya kupata kinachofaa. Ningependa kujua ni mtihani gani wa taifa unaompima kwa kukataa huko.

Bado kuna joto. Tangu 1931 dunia ya vipimo imekubaliana kwamba urefu wa kitu ni ule kinachokuwa nao kikiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Dar es Salaam ya Februari haizijui nyuzi 20. Kipande cha chuma cha pua cha milimita 100 kikiwa kwenye nyuzi 32 kimerefuka kwa karibu 0.014, cha alumini, karibu mara mbili ya hapo. Kama maikromita nayo ni ya chuma cha pua na imekaa kwenye joto hilohilo, vyote viwili vimevimba pamoja na madhara ni madogo. Balaa huja pale kipande kinapotoka kwenye kerezo kikiwa cha moto. Shafti yetu ya 25 ikiwa na nyuzi 30 zaidi ya kifaa kinachoipima, imevimba kwa karibu 0.009, theluthi mbili ya nafasi yote tuliyopewa. Fundi atapima, ataridhika, ataenda kunywa chai. Shafti ikipoa itakuwa imepwaya, naye atamlaumu muuza beringi. Haya si mambo ya maabara za Ulaya; yanatuhusu sisi wenye jua kuliko wanavyohusika wao.

Juu ya vania na dijiti nasimama na wakufunzi wa zamani, ambao vijana huwaona wakaidi. Anayeanza aanze na vania. Kifaa cha kidijiti kina nafasi yake pale kazi inapotakiwa kwenda haraka, na siku moja atakistahili. Lakini kinamfundisha kwamba kipimo ni kitu kinachotokea chenyewe kwenye kioo. Vania inamlazimisha ainame, atafute mstari unaolingana na mstari, asite kati ya miwili, aamue, kisha auweke uamuzi wake kwenye karatasi. Somo la kwanza lingekuwa hivi: afunge taya za kalipa, aiinue kwenye mwanga aone kama mwanga unapenya, asome sifuri. Halafu apime kipande kimoja mara kumi, kila mara akiachia na kushika upya, na aandike namba zote kumi bila kurekebisha hata moja. Kijana ambaye hajawahi kuona namba zake mwenyewe zikimpinga hajaanza kujifunza kupima. (Ningewapa zoezi hilo pia baadhi ya watafiti wetu wa kura za maoni, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Baada ya hapo apewe maikromita mbili, ya 0 hadi 25 na ya 25 hadi 50, na afundishwe kugeuza kile kitufe cha mwisho kinacholia tik-tik ili nguvu ya mkono wake isiwe sehemu ya kipimo. Maikromita si jiriwa. Kisha kipimo cha saa, kile chenye mshale unaozunguka, na stendi yake ya sumaku, maana hicho humwonyesha uongo wa mashine: kama kipande kinayumba kinapozungushwa, kama kitanda cha kerezo kimelika. Vipande rejea vya chuma vinatosha seti moja kwa karakana nzima, vikiwa chini ya ulinzi na vikitumika kukagua vingine. Vingine vyote vingoje.

Vipande hivyo rejea vina historia ambayo kila mtunga sera wa viwanda angepaswa kuijua. Vilibuniwa na Carl Edvard Johansson, mkaguzi katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Eskilstuna, Uswidi. Mwaka 1896 alifikiri kwamba, badala ya kila kipimo kuwa na kigezo chake, seti ya vipande vichache vilivyosawazishwa vizuri vingeweza kuunganishwa kutoa maelfu ya vipimo. Seti yake ya kwanza ilikuwa na vipande 102. Na kazi ya mwisho ya kuvisawazisha aliifanya nyumbani, kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusagia. Cherehani moja! Sisi tulicheka vyerehani vinne, na tulikuwa na haki ya kucheka, lakini kicheko chetu kilikosea shabaha. Cherehani ya Johansson ilizaa kipimo ambacho viwanda vya magari vya Marekani vilikuja kukitegemea, hata Henry Ford akamchukua na kazi yake mwaka 1923. Idadi ya mashine haikuwa suala. Yule mtu alikuwa amekaa miaka akikagua bunduki, na alijua kosa la maikroni chache linagharimu nini.

Japani nayo inafaa kutazamwa. Mwaka 1934 Yehan Numata, mtu wa dini ya Kibudha aliyetaka fedha za kueneza imani yake, alianzisha mjini Tokyo taasisi ya kutafiti namna ya kutengeneza maikromita, kifaa ambacho wakati huo nchi yake ilikitegemea kutoka nje. Hakuchagua magari wala meli. Leo jina la Mitutoyo limeandikwa kwenye vipimo katika karakana za dunia nzima, zetu zikiwemo, na nakala zake bandia zimejaa Kariakoo.

Nasi tulijaribu. Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa 1975 hadi 1995 ulikuwa na wazo sahihi, kwamba nchi isiyotengeneza mashine zizaazo mashine itabaki mnunuzi milele. Karakana ya Mang'ula huko Kilombero, iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA na Wachina, na kiwanda cha mashine cha Moshi kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria, vilikusudiwa kuwa mama wa viwanda vingine. Vilivyodumaza ndoto hiyo ni vingi: uhaba wa fedha za kigeni, vipuri, soko, kisha masharti ya mageuzi ya uchumi. Vitabu vimeandikwa juu ya hayo. Nitaongeza moja tu kama maoni yangu. Tulidhani mashine-mama ni chuma. Tulipokea kerezo na kulipa jina la maendeleo, bila kujenga tabaka pana la vijana ambao wangeweza kuliambia kerezo lenyewe kwamba limekosea kwa sehemu mbili za mia za milimita, kuandika kosa hilo, na kudai lirekebishwe. Teknolojia ikabaki kwa wataalamu wachache na wageni, nao walipoondoka waliondoka na masikio yake.

Tunakaribia kurudia jambo lilelile. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umefungua mkondo wa elimu ya amali katika sekondari. Nauunga mkono, ni heshima iliyochelewa kwa kazi ya mikono, ambayo kwa muda mrefu tumeifanya kuwa adhabu ya waliofeli. Lakini amali inayofundishwa kwa ubao ni maigizo. Nilikitembelea chuo kimoja, jina nalihifadhi, nikaonyeshwa kabati la vioo lenye maikromita mpya zikiwa bado kwenye karatasi zake za mafuta. Wanafunzi walikuwa wameshafanya mtihani wa kuichora maikromita na kutaja sehemu zake. Hawakuwa wameishika. Mtunza ghala alinieleza kwa uungwana kabisa: kikipotea kifaa, mkaguzi wa hesabu atamwuliza yeye, wasipojua kupima, hakuna atakayeulizwa. Sina neno la kumlaumu. Ameusoma mfumo wetu kwa usahihi wa maikroni.

Niwageukie watumishi wa umma mnaonisoma, kwa kuwa ninyi ndio mnaoandika mahitaji. Mnapoandika "kalipa, milimita 150, vipande 40" na kumwachia mzabuni wa bei ya chini, mmenunua umbo la kalipa. Andikeni hatua ndogo inayosomwa. Andikeni kosa linaloruhusiwa kwa mujibu wa kiwango cha ISO. Daini cheti cha ukaguzi kinachotaja namba ya kifaa husika, kisiwe karatasi moja iliyodurufiwa kwa vifaa 40. Kamati ya mapokezi isiishie kuhesabu maboksi. Achukuliwe mtu mwenye seti ya vipande rejea, achague kalipa tano bila kuangalia, azipime mbele ya mzabuni. Na bajeti iwe na kifungu cha ugezi wa kila mwaka. Shirika la Viwango, lililoanzishwa 1975, lina maabara ya ugezi. Wakala wa Vipimo, uliopo tangu 2002, una maofisa mikoani wanaokagua mizani za sokoni na pampu za mafuta chini ya Sheria ya Vipimo. Dola inayoweza kumfuata muuza mafuta hadi barabarani Singida ili lita iwe lita haiwezi kutuambia kwamba milimita ya chuo cha ufundi iko nje ya uwezo wake.

Nitaambiwa ni ghali. Gharama ya mashine moja kubwa ya kukereza inayoendeshwa kwa kompyuta, ile ambayo viongozi hupenda kuizindua kwa utepe, ingenunua maikromita nzuri kwa mamia. Nitaambiwa zitaibwa. Zitaibwa baadhi, kama vilivyoibwa vitabu, na hatukufunga shule. Kijana amilikishwe kalipa yake, akatwe kidogo kidogo kwenye mkopo au posho, aondoke nayo siku ya kuhitimu; mtu hulinda kilicho chake, na mhitimu anayerudi mtaani na kifaa mkononi hahitaji kuanza kama tarishi wa karakana ya mtu.

Hoja inayosikika zaidi siku hizi ni kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, mashine za kompyuta zinachonga zenyewe na kijana anahitaji programu, hahitaji maikromita. Wanaosema hivyo wangefaa kusimama siku moja nyuma ya mtu anayeendesha mashine hiyo. Mashine inajua ilikoamriwa kwenda, haijui ilichokata. Kisu kimelika, chuma kimepata joto, kipande kimejikunja kikibanwa. Mwendeshaji hutoa kipande cha kwanza, hukiacha kipoe, hukipima, hukuta kimezidi kwa 0.03, kisha huingia kwenye kompyuta na kuiandikia marekebisho. Namba anayoiandika imetoka kwenye maikromita. Akikosea kupima, mashine ya mamilioni itarudia kosa lake kwa uaminifu mkubwa katika vipande 500.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watunga mitihani wa mkondo wa amali ni dogo na linaweza kujaribiwa hata mwaka ujao. Acheni kuwataka wanafunzi wachore maikromita. Wekeni mezani vipande kumi vya chuma vilivyopimwa kabla na maabara, kila kimoja na mchoro unaotaja toleransi yake. Wekeni na rula, kalipa ya vania, kalipa ya kidijiti ambayo sifuri yake imeharibiwa makusudi, na maikromita ya 0 hadi 25. Mwanafunzi aseme kwa kila kipande: nimetumia kifaa gani, kwa nini, nimepata namba gani, naiamini kwa kiasi gani, kipande kinafaa au hakifai. Kati ya vipande hivyo kumi, kimoja kiwe shafti ya milimita 25 kwa daraja la k6. Na atakayeandika kwamba hakuna kifaa mezani kinachoweza kulijibu swali hilo, apewe alama zote.